Virusi vya ubongo ukiwa Mwanza: upitie MD, maabara au udaktari wa mifugo?

Hili swali linarudi kila matokeo ya form six yakitoka, na sura ni ileile: dogo kapata PCB (fizikia, kemia, biolojia) nzuri, anakaa Nyakato au Buswelu, kaangalia video za ubongo mpaka saa nane usiku, sasa anataka kuwa mtafiti wa ubongo, hasa hivi virusi vinavyoingia kichwani, na nyumbani mama anasema soma udaktari tu mwanangu hayo mengine utayakuta mbele. Mama hajakosea, ila hajamaliza. Hiyo kazi hapa kwetu ina milango mitatu ya kuingilia: MD yaani udaktari wa watu, shahada ya sayansi ya maabara, na udaktari wa mifugo kule chuo cha kilimo SUA Morogoro. Nyurosayansi yenyewe, yaani sayansi ya ubongo na neva, unaikuta baadaye kwenye masta na PhD, mara nyingi nje ya nchi. Watu wanalinganisha milango hii kwa mshahara na kwa heshima ya kuitwa dokta. Mi naanzia sehemu nyingine: Jumanne ya kawaida tu, isiyo na jambo, mkononi utakuwa umeshika nini? Maana PhD inaisha, ila hizo Jumanne zinaendelea miaka thelathini.

Kabla sijaingia, kwa wale wanaosema hayo ni mambo ya Ulaya. Kirusi cha Zika kiligunduliwa mwaka 1947 kwa kima aliyewekwa kwenye kizimba msituni Zika, karibu na Entebbe, ziwa letu hilihili upande wa pili. West Nile, ambacho nacho hupanda kwenye ubongo, kilipatikana Uganda mwaka 1937. Taasisi iliyofanya kazi hizo ilianzishwa 1936 kwa ajili ya homa ya manjano na leo ndo UVRI, taasisi ya Uganda ya utafiti wa virusi, bado ipo Entebbe. Zika ilikaa miaka karibu 70 haina anayeijali, mpaka watoto wa Brazil walipoanza kuzaliwa na vichwa vidogo 2015, na Februari 2016 WHO wakatangaza dharura, ndo dunia ikajua kinashambulia zile seli zinazojenga ubongo wa mtoto tumboni. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waliripotiwa Kagera 1983, na VVU ni kirusi cha ubongo pia, watu wengi hawalijui hilo. Kwa hiyo sio kwamba unaota ndoto ya mwenzio, maswali yenyewe yapo hapahapa kwenye mwambao wa ziwa.

Mlango wa MD: umeshika mgonjwa

Jumanne ya daktari inaanzia wodini. Kaletwa mtu, tuseme katoka Ukerewe, homa siku kadhaa, kaanza kuongea vitu visivyoeleweka, kapigwa degedege akiwa mtu mzima kabisa, nyumbani wengine wameshasema karogwa. Kipimo cha malaria hakina kitu. Unamlaza ubavu, magoti yapande kifuani, kidevu kishuke, unapapasa pingili za kiunoni, unaingiza sindano kati ya pingili ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano, unasubiri matone ya maji ya uti wa mgongo. Yakitoka yenye ukungu unawaza bakteria. Yakitoka meupe safi usifurahi haraka, hapo ndo virusi vinaingia kwenye orodha, na kama ana VVU, fangasi na TB vinaingia pia. Kwa virusi mara nyingi utakuta limfosaiti, aina ya seli nyeupe za kinga, zimepanda, sukari ipo kawaida, protini imepanda kiasi. Ukihisi ni kirusi cha herpes huwezi kukaa unasubiri PCR, kile kipimo cha vinasaba vya kirusi, unaanza acyclovir ya mshipani, miligramu 10 kwa kila kilo ya mgonjwa kila baada ya saa 8, wiki 2 mpaka 3, kwa sababu bila dawa kama asilimia 70 wanakufa na wanaopona wengi kumbukumbu inaondoka.

Hiyo haraka ndo utamu wa mlango huu, na ndo tatizo lake. Kazi yako ya kwanza ni huyu mtu aamke, jina la kirusi ni anasa. Wagonjwa wengi wa ubongo uliovimba kwa ugonjwa wa namna hii, hata kwenye nchi tajiri, wanaondoka hospitali bila kirusi wala chochote kutajwa. Kama wewe ni mtu ambaye swali lisilojibiwa linakunyima usingizi, wodi itakutesa, kwa sababu umeshafika mgonjwa mwingine na foleni ya kliniki imefika mlangoni.

Ila kuna kitu MD anaweza kukifanya Mwanza bila mashine ya mamilioni, na hapa ndo nasema mlango huu watu hawaujui vizuri. Chukua mtu anayeishi na VVU, anakunywa ARV miaka, wingi wa virusi kwenye damu umeshuka hauonekani, lakini mke wake anasema siku hizi anasahausahau na amekuwa mzito. Kuna kipimo kinachojulikana kimataifa, kilijaribiwa Baltimore na Kampala na kuchapishwa 2005, kinachukua dakika chache. Unamtajia maneno manne ayakumbuke: mbwa, kofia, maharage, nyekundu. Kisha agonganishe kidole gumba na cha shahada kwa haraka sekunde 5, halafu mkono mezani: ngumi, kiganja, ubavu wa mkono, ngumi, kiganja, ubavu, kadiri awezavyo ndani ya sekunde 10. Mwisho unamwambia nitajie yale maneno. Alama ni 12, akipata 10 au chini anahitaji kuchunguzwa zaidi. Hiyo ni sayansi ya ubongo, na imefanyika juu ya meza ya mbao. Ukiwa na leseni ya udaktari mgonjwa unaye, faili unalo, na unaweza kumfuatilia miaka. Mtu wa maabara akitaka hayo inabidi akuombe wewe.

Na Mwanza kwa tafiti za watu sio pa kubeza. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wapo pua na mdomo na hospitali ya Bugando, MITU, kitengo cha majaribio ya tiba na kinga, ipo hapohapo, chuo cha afya cha CUHAS kipo kilimani. Utafiti wa Mwanza uliochapishwa 1995, ule wa kutibu magonjwa ya zinaa vizuri kwenye vituo vya afya vya vijijini, ulionyesha maambukizi mapya ya VVU yamepungua kwa karibu asilimia 40, dunia nzima ikausoma. Kwa hiyo ukitaka kufuata watu mia kadhaa miaka mitano ukiangalia ubongo wao, mfumo upo, watu wa kuzunguka vijijini wapo, na utamaduni wa kufanya hivyo upo. Ukitaka kukata ubongo wa panya vipande vyembamba na kurekodi umeme wa neva moja, hapo ni habari nyingine.

Mlango wa maabara: umeshika sahani ya seli

Huku hakuna anayekuita dokta akilia. Kuna kabati la nyuzi 37, hewa ya kaboni asilimia 5, na ndani sahani za seli zimekaa kwenye maji ya lishe yenye rangi ya waridi. Yakianza kuwa rangi ya chungwa kuelekea njano ujue zimeshakula na kuchafua, zinataka kubadilishiwa, na seli hazijui Jumapili wala Eid. Unaziambukiza kirusi kwa kipimo unachokijua, unasubiri saa kadhaa, unahesabu kilichotokea, kesho unarudia kuona kama jana hukubahatisha. Wanaoipenda hii kazi wanapenda kurudia. Asiyependa kurudia atoke mapema, sisemi kwa ubaya.

Maswali ya huku ndo yale yanayokufanya ukeshe na video. VVU kinafika kwenye ubongo mapema sana baada ya maambukizi, kimebebwa na seli za kinga zilizoambukizwa, na kikifika hakikai kwenye neva zenyewe, kinakaa kwenye makrofeji na maikroglia, yaani walinzi wa ubongo, halafu neva za jirani ndo zinaumia. Inakuwaje? Na ARV ikishasafisha damu, kile kilichojificha kichwani kinafanya nini? Hilo ni mojawapo ya mambo yanayofanya tiba ya kuponya kabisa VVU iwe ngumu. Kuna pia upande wa pili ambao mi huwa unanifurahisha: wanasayansi wamechukua kirusi cha kichaa cha mbwa wakakiondolea jini moja, kikawa kinaruka kutoka neva moja kwenda iliyoungana nayo halafu kinaishia hapo, na tangu 2007 kinatumika kuchora ramani ya nani kaungana na nani ndani ya ubongo. Kirusi kinachoua karibu kila anayekiugua kimegeuzwa kalamu.

Sasa ukweli mchungu. Kazi ya kuotesha neva na kuziambukiza haifanyiki sana kwenye mwambao wetu. Kilichopo ni PCR, vipimo vya kingamwili, kutunza sampuli na kuzisafirisha, na hizo ni stadi nzuri tu, zinauzika popote. Lakini mlango wa maabara kwa hii ndoto maana yake ni mlango wa kuondoka, na inabidi useme hivyo nyumbani mapema sio siku ya viza. Halafu kuna umeme. Kuna maabara moja, sitaitaja, umeme ulikatika wikiendi na jenereta ikagoma, Jumatatu asubuhi friza inayotakiwa kuwa nyuzi hasi 80 inasoma hasi 11, na humo ndani kuna sampuli ambazo dada mmoja alizikusanya kwa ajili ya PhD yake. Hakupiga kelele. Alivuta stuli akakaa anaangalia ile namba, halafu akaanza kutoa boksi moja moja na kuandika kipi kimeyeyuka kabisa na kipi bado kina barafu katikati. Na vitendanishi, zile kemikali za kufanyia vipimo, ndo hivyo, unaagiza nje, vinakaa forodhani, barafu kavu inaisha, unapokea boksi la maji ya bei ghali.

Mlango wa mifugo: umeshika kichwa cha mbwa

Hapa watu wanacheka, na mi naona ndo mlango uliodharauliwa kuliko yote. Ukikaa ukahesabu, virusi vingi vya ubongo vinavyotusumbua vinatoka kwa wanyama. Bonde la Ufa, ile homa iliyolipuka Tanzania 2006 na 2007, inaanza kwa ng'ombe na mbuzi kutupa mimba, na kwa baadhi ya watu ubongo unavimba wiki kadhaa baada ya homa kuwa imeshaondoka. Kichaa cha mbwa ndo usiseme. WHO wanakadiria watu kama 59,000 wanakufa kwa mwaka duniani, wengi Afrika na Asia, na kama 4 kati ya 10 ni watoto chini ya miaka 15. Kirusi kinaingia kwenye jeraha, kinapata ncha ya neva, kinaanza kupanda ndani ya neva kurudi nyuma kuelekea ubongoni, polepole, ndo maana mtu anaweza kukaa miezi miwili mitatu yupo mzima anauza dagaa Mwaloni. Ndo maana jeraha unaliosha palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na kuwahi chanjo mara moja, husubiri. Dalili zikianza, karibu kila mtu anakufa.

Jumanne ya huku ikoje? Mbwa kauma watoto, kauawa, kichwa kimeletwa kwenye ndoo. Zamani ilikuwa msumeno. Siku hizi wengi wanatumia mrija, unageuza kichwa, unatafuta lile tundu la nyuma ya fuvu ambapo uti wa mgongo unapita, unasukuma mrija wa plastiki kuelekea upande wa jicho huku unazungusha, ukiutoa umebeba kipande cha shina la ubongo ndani yake kama ice cream ya kwenye mfuko. Unapaka kwenye kioo, unaweka rangi yenye kingamwili, unazima taa, na chini ya darubini ya mwanga maalum kama kirusi kipo unaona vidoa vya kijani cha tufaha vinang'aa kwenye giza. Pasipo na hiyo darubini kuna njia nyingine inayotumia darubini ya kawaida tu, ile ya shuleni kwenu. Yaani kwa dakika hizo umeshika ubongo wenyewe, wenye kirusi chenyewe. Daktari wa watu hapati hiyo nafasi kirahisi, kwa mgonjwa aliyekufa ndugu wanataka kuzika na hawataki kusikia habari ya kufungua kichwa, na wana haki yao.

Na kazi ipo karibu. Vijiji vya Mara kuzunguka Serengeti vimefanyiwa utafiti wa kichaa cha mbwa na kampeni za chanjo kwa miaka mingi, lile lengo la kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa ili ugonjwa ukatike, kule lina ushahidi wa kutosha. Wakala wa maabara za mifugo wana kituo Mwanza. Hata usafiri umerahisika, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 kichwa cha mbwa kutoka Sengerema hakisubiri tena kivuko kwenye jua. Na ukikosa utafiti, nchi ina ng'ombe wengi mno, daktari wa mifugo hafi njaa, kuna serikali, machinjio, miradi, na ukifungua duka la dawa za mifugo Magu au Misungwi watu watakuja. Hasara yake ni moja kubwa: ukishafika kwenye mgonjwa binadamu unasimama. Huchomi sindano ya mgongo, huandiki dawa, lazima uwe na rafiki MD.

Muda na hela, haraka haraka

MD miaka 5, mwaka 1 wa utarajali, MMed (masta ya ubingwa) 3 ukiitaka, PhD 3 au 4, kwa hiyo ukianza na miaka 20 unagonga 32 au 33 bado unaitwa mwanafunzi. Unaweza kuruka MMed uende masta ya utafiti, wengi wanafanya hivyo, ila baadaye wodini utakuwa chini ya wenzako mliomaliza pamoja, jiulize kama roho yako itavumilia. Maabara shahada miaka 3 au 4 kutegemea chuo, utarajali, masta 2, PhD 3 au 4, unatangulia kidogo. Mifugo 5, masta 2, PhD 3 au 4. PhD ya Marekani inaweza kukuchukua bila masta ila inaenda miaka 5 au 6. Tofauti ya mwaka mmoja miwili isikuamulie maisha.

Hela, tuwe wakweli, utafiti ni mikataba. Mradi una miaka miwili mitatu, ukiisha na wewe umeisha mpaka fandi nyingine ije. Mwaka 2025 Marekani ilipokata fedha, miradi mingi Afrika ilisimama ghafla, watu wakiwa kazini wakaambiwa wasimame. Hapo ndo leseni inaonyesha thamani yake: MD anachukua zamu za usiku hospitali binafsi, wa mifugo anarudi kwa ng'ombe, wa maabara anatafuta hospitali pia lakini nafasi zinagombaniwa zaidi. Na bodi ya mkopo haijui habari ya fandi, ukipata mshahara wanakata asilimia 15. Pia ada ya MD sio ya mchezo, kama boom haitoshi na mzee nyumbani anategemea nyavu, hesabu miaka yote mitano sio mwaka wa kwanza tu.

Ufadhili wa kwenda nje milango yote mitatu inapata: DAAD, Commonwealth, Wellcome, Erasmus Mundus. Kwa ubongo hasa fuatilia IBRO, shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo, wana shule fupi Afrika wanalipia nauli, na TReND in Africa ambao wanafundisha nyurosayansi kwa kutumia inzi wa matunda, kiumbe asiyehitaji bajeti. Profesa wa nje ukimwandikia usimwambie una shauku, wote wana shauku. Mwambie umeshafanya PCR kwa mikono yako, au umefuatilia wagonjwa, au umetoa sampuli ya shina la ubongo kwa mrija. Huyo wa mrija atajibiwa haraka, niamini.

Mi ningechaguaje

Kama unataka kubaki Mwanza, uzeeke ukiangalia ziwa, na unataka kujua yule mtu wa Ukerewe aliamka au hakuamka, chukua MD na swali lako liwe VVU na ubongo, wagonjwa wapo na utafiti unabebeka. Kama uko tayari kuondoka hata miaka kumi na unapenda kujua kitu kinafanyaje kazi mpaka ndani kabisa, maabara, ila ingia ukijua kwamba kurudi kutakuwa kugumu kuliko kuondoka. Kama unachopenda ni kirusi chenyewe na hujali koti jeupe wala kuitwa dokta kwenye harusi, mifugo, bila kusitasita, maana huko foleni ni fupi na swali ni kubwa. Anayechagua MD kwa sababu tu alama zinatosha, huyo sina cha kumwambia, atakuwa daktari mzuri na utafiti atausahau mwaka wa tatu.

Na kabla hujajaza fomu za chuo, omba kujitolea likizo, wiki chache tu, sehemu mbili kati ya hizo tatu. Wodini utaruhusiwa kuangalia na kubeba mafaili. Maabara utaosha vyombo, kubali, ndo utajua kama harufu ya dawa na kurudia vinakukaa. Ukienda upande wa mbwa uliza kwanza nani analipia chanjo ya kichaa cha mbwa, ni sindano mbili, siku ya kwanza na nyingine baada ya siku 7, na mpaka zote mbili ziingie kaa kwenye kuandika lebo, wala usisogelee ile ndoo.